Tarantula wa Asia amebadilika: soma dalili kabla ya kufungua mfuniko

Malalamiko ya wafugaji wa tarantula wa Asia ni yaleyale kila msimu. Amegoma kula. Amelala chali. Amekunja miguu. Haonekani. Haachi kuzunguka. Na chanzo, ukifuatilia, mara nyingi si ugonjwa: ni maji, ni hewa, au ni mwenyewe aliyekosa subira. Ndiyo maana mwongozo huu una kanuni moja inayojirudia: kabla ya kumgusa buibui, gusa udongo wake. Na uuguse kwa kijiti, si kwa kidole.

Kwanza jua umefuga nani. Kuna wachimbaji, kama Cyriopagopus lividus wa Myanmar na Thailand, yule mwenye miguu ya buluu iliyokoza, na jamii ya Chilobrachys. Hawa huishi ndani ya shimo refu la kwenda chini na hawana haja kubwa na mwanga wala na wewe. Kuna na wapanda miti, kama jamii ya Poecilotheria ya India na Sri Lanka, au Omothymus violaceopes wa Malaysia na Singapore, ambao makao yao ni mashimo ya miti na nyuma ya magome. Dalili moja inaweza kuwa jambo la kawaida kwa mchimbaji na ikawa kengele ya hatari kwa mpanda miti.

Jambo la pili: hakuna hata mmoja kati yao mwenye vile vinyweleo vya kuwasha ambavyo tarantula wengi wa mabara ya Amerika huvirusha kwa miguu ya nyuma. Ulinzi wao ni mbio na kuuma. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya tarantula mpole wa Mexico usiuhamishie kwa Poecilotheria.

Vifaa na tahadhari

Uwe na kibano kirefu, sentimita 25 au zaidi, brashi laini ya rangi, kopo la plastiki linaloonyesha ndani pamoja na kadi ngumu ya kulifunika, na tochi. Kazi ya kuhamisha ifanyie chumba kilichofungwa, taulo likiwa limeziba chini ya mlango. Bafuni panafaa sana, ila ziba tundu la maji. Poecilotheria hukimbia nuru. Ukimmulika ghafla anaweza kuchomoka, na kabla hujapepesa jicho yuko begani kwako au nyuma ya kabati. Akiinua miguu ya mbele na kufungua chonge, funika chombo na uache kazi hadi siku nyingine. Hakuna tatizo katika orodha hii linalotatuliwa kwa kumshika mkononi.

Amegoma kula

Hili ndilo linaloongoza kwa kuulizwa, na ndilo lenye majibu mepesi. Angalia kwa mpangilio huu.

1. Anakaribia kujivua gamba. Ndiyo sababu ya kwanza, na huipiku kwa mbali ile inayofuata. Tumbo linakuwa limejaa na kung'aa, rangi ya mwili inafifia, mwendo unakuwa mzito. Mchimbaji huziba mlango wa shimo kwa udongo na uzi. Mpanda miti huziba upenyo wa gome lake. Ile alama ya upara mweusi tumboni inayotajwa katika miongozo mingi usiitafute, kwa sababu ni ya tarantula wa Amerika waliokwisha kupukutisha vinyweleo vyao. Dawa: toa nyenje wote walio hai, jaza maji, subiri. Mkubwa anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kula na akatoka salama.

2. Ameshiba. Tumbo likizidi upana wa sehemu ya mbele ya mwili kwa mara moja na nusu, hana njaa. Mkubwa anatosheka na windo moja la kiasi kila wiki moja hadi mbili. Wanaolisha kila siku mbili kwa sababu wanapenda kumtazama akikamata wanajifurahisha wao.

3. Amehama karibuni. Mpe wiki kadhaa bila kufungua fungua.

4. Baridi. Nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi zinamfaa. Usiku wa Julai Nairobi au Arusha hushuka mbali chini ya hapo, na Ulaya majira ya baridi ni vivyo hivyo chumba kisipopashwa. Akipoa hula kidogo, na huchelewa kukua. Pasha chumba, si buibui. Taa ya joto humkausha. Mkeka wa umeme chini ya chombo ni mtego kwa mchimbaji: porini joto likizidi hushuka chini kutafuta ubaridi, na kwako akishuka anakwenda kukutana na mkeka. Ukilazimika kuutumia, uweke pembeni, kwenye sehemu tu ya ukuta mmoja, na uwe na kidhibiti joto.

5. Windo si lake. Nyenje mkubwa kuliko tumbo la buibui humtisha hasa kitoto. Vitoto hula vizuri vipande vya windo lililouawa kabla, au mguu wa nyenje.

6. Ni dume aliyekomaa. Tazama ncha za ile mikono miwili midogo iliyo mbele ya miguu: zikiwa zimevimba kama glovu za ndondi, huyo amemaliza kukua. Usingoje kuona ndoano kwenye miguu ya mbele, kwani madume wa Poecilotheria hawana. Dume wa namna hii hula kidogo, hutembea sana, na kwa kawaida hufa si muda mrefu baada ya kukomaa, ilhali jike wa jamii hiyohiyo anaweza kupita miaka 10. Huna la kutengeneza hapo.

Usihesabu wiki alizokaa bila kula. Tazama tumbo. Likibaki limejaa, kalenda haina maana. Likianza kusinyaa na kukunjamana huku chakula kikiwepo, ruka mpaka sehemu ya miguu kujikunja na ile ya povu mdomoni.

Nyongeza kuhusu chakula chenyewe: usimpe mende wa jikoni. Miji yetu hupuliziwa dawa kila kona, na mende aliyenusurika sumu ya jirani anaibeba hadi kwa buibui wako. Nunua nyenje au mende wa kufugwa, au uwazalishe.

Amelala chali, miguu juu

Hajafa. Buibui anayekufa hulala kifudifudi na kukunja miguu chini yake; anayelala chali anajivua gamba. Kosa linaloua hapa ni la mwenye buibui anayemgeuza "asikae vibaya". Gamba jipya ni laini mno wakati huo, na kumgeuza ni kumrarua.

Hakikisha mambo mawili tu, bila kumsogeza: hakuna windo hai ndani, na bakuli lina maji. Nyenje mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna tarantula aliye katikati ya kujivua. Kitoto humaliza haraka, wakati mwingine ndani ya saa moja. Mkubwa anaweza kuchukua saa nyingi, hata kutwa nzima, ukijumlisha na kujinyoosha baadaye.

Akimaliza, chonge zitakuwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Usimlishe kabla hazijawa nyeusi. Kwa mkubwa hesabu wiki moja hadi mbili, kwa kitoto siku chache.

Miguu imejikunja chini ya mwili

Hii ndiyo dalili ya kukimbilia. Tarantula hukunja miguu kwa misuli, lakini kuinyoosha hutegemea shinikizo la majimaji ya mwilini. Maji yakipungua, shinikizo linashuka na miguu inajikunja yenyewe. Kwa hiyo sababu ya kwanza ni kiu, hata kama chombo kina umande kwenye kioo.

Ukaguzi wa haraka: bakuli lilikauka lini? Tumbo limesinyaa? Chumba kina kiyoyozi? Anayefuga Muscat au Dubai aelewe kwamba kiyoyozi kinachozunguka mchana na usiku hukausha udongo wa juu kwa kasi ambayo miongozo ya Wazungu haikuifikiria. Sifongo ndani ya bakuli itupe; huoza, na haimsaidii kunywa. Bakuli la maji matupu, lisilo na kina, hata kwa wale "wanaopata maji kwenye chakula".

Hatua:

Mhamishe kwa kopo na kadi hadi kwenye chombo kidogo safi chenye karatasi ya jikoni iliyolowanishwa. Usidanganywe na unyonge wake. Aliyejikunja bado anaweza kukurupuka na kuuma. Weka kisosi chenye maji ya kina cha milimita chache, kisha kwa brashi msogeze hadi sehemu ya mbele ya mwili iegemee ukingo wake. Mdomo uko chini, nyuma ya mashina ya chonge, kwa hiyo hapo ndipo maji yafike. Tumbo libaki nje: mapafu yake manne yamo upande wa chini wa tumbo, na kumzamisha ni kumnyima pumzi. Mwache mahali penye giza na hewa, uangalie baada ya saa chache. Mwenye kiu tu mara nyingi hunyooka ndani ya siku moja.

Asiponyooka, sababu zinazofuata ni joto kali, sumu ya wadudu, minyoo, jeraha la ndani baada ya kuanguka, au uzee wa dume. Hapo ndipo pa kuacha kubuni na kumtafuta daktari wa wanyama anayepokea wadudu na reptilia. Wako wachache. Penye uhaba, mfugaji aliyekaa na jamii hiyohiyo kwa miaka mingi ni msaada kuliko daktari wa ng'ombe.

Usimtupe mapema. Mfu halisi miguu yake hulegea ukiigusa kwa brashi, na harufu hufuata. Subiri siku nzima.

Anazunguka usiku na mchana, hataki kutulia

Tarantula wa Asia ni mvizia. Akitembea ovyo anakuambia chombo kimemshinda.

Kwa aliyeletwa jana, ni kawaida, mwache. Akiendelea baada ya wiki kadhaa, chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini kabisa ya udongo mbali na shimo lake, kisha ukivute. Mchimbaji anataka kijiti kitoke kikavu juu na chenye udongo ulioshikamana theluthi ya chini. Kikitoka kimelowa chote, umemwagia maji mengi. Akiwa amesimama juu ya ncha za miguu kana kwamba sakafu inamchoma, hiyo ni tafsiri ileile: pamelowa. Kikitoka kikavu chote, mimina maji polepole kwenye kona moja yazame chini, badala ya kunyunyizia juu kila asubuhi. Vile vipima unyevu vya duara vinavyobandikwa kwenye kioo vimewapotosha watu wengi. Sindano inasoma asilimia za hewa ya juu, buibui yuko sentimita 20 chini ya ardhi.

Kijiti kikiwa sawa, tazama hewa. Asia ya masika ina unyevu mwingi, lakini pia ina upepo. Chombo chenye unyevu bila upepo ni bwawa la uvundo. Weka matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, siyo kwenye mfuniko peke yake.

Kisha tazama umbo la chombo. Mchimbaji mkubwa apewe udongo wa kina cha sentimita 20 au zaidi, ulioshindiliwa ili shimo lisiporomoke. Vumbi la makumbi ya nazi likichanganywa na udongo wa juu usio na mbolea wala dawa linafanya kazi nzuri, na kwa watu wa pwani halina gharama, mradi lioshwe chumvi na likaushwe. Mpatie tundu la kuanzia kwa mpini wa mwiko. Mpanda miti apewe urefu wa kwenda juu na gome lililosimamishwa kwa mshazari, lenye uwazi nyuma yake. Vitoto vya Poecilotheria huchimba chini kwanza kabla ya kuhamia juu, kwa hiyo usishangae wala usivifukue.

Na kama yote yako sawa na bado anazunguka, rudi kwenye glovu za ndondi. Ni dume, anatafuta mke.

Haonekani kabisa

Wengi hununua rangi ya buluu wakapata shimo. Cyriopagopus lividus aliye sawa hujitokeza mlangoni usiku tu. Tatizo halipo. Ukitaka uhakika kwamba yu hai, weka maji kwenye bakuli na majani mawili makavu mlangoni jioni. Asubuhi yakiwa yamesogezwa au bakuli limejazwa udongo, yupo. Kumfukua "kuangalia tu" humvunjia nyumba aliyoijenga kwa wiki, na akiwa katikati ya kujivua utakuwa umemuua.

Fukua ukisikia harufu ya mzoga, au mlango uliozibwa ukimea ukungu mzito. Hata hapo anzia pembeni, kijiko kwa kijiko.

Gamba limemng'ang'ania

Sababu ya kawaida ni upungufu wa maji kabla ya kujivua, kisha utapiamlo, kisha jeraha la zamani. Akiwa amebakiza mguu mmoja au miwili, kwa kawaida usiingilie. Anaweza kuukata mwenyewe kwenye kiungo, na mguu utaota tena katika kujivua kunakofuata, mwanzoni ukiwa mwembamba.

Akiwa amekwama kwa zaidi ya kutwa moja na ameacha kusukuma, unaweza kulainisha gamba la zamani kwa matone ya maji ya uvuguvugu na brashi, ukikwepa upande wa chini wa tumbo. Lainisha, usivute. Aliyekwama sehemu ya mbele ya mwili au chonge ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Mpigie kabla hujagusa. Na mara nyingine, tuseme ukweli, hapati kupona.

Anatetemeka, anayumba, miguu haipatani

Fikiria sumu kwanza, na uifikirie kabla ya jambo jingine lolote. Dawa za kupuliza mbu na mende zina sumu za jamii ya pairethroidi, na buibui hana kinga nayo. Koili ya mbu katika chumba kilichofungwa, chandarua kipya kilichotiwa dawa kilichoning'inizwa juu ya chombo, matone ya dawa ya viroboto aliyopakwa paka kisha ukamshika na kubadilisha maji ya buibui bila kunawa: vyote hivi ni njia. Mwenye nyumba akileta mpulizaji, buibui atoke nyumbani kabla ya mtu huyo kubisha hodi, na arudi nyumba ikiwa imepigwa deki na kupitishwa hewa kwa siku kadhaa.

La kufanya: mhamishe kwenye hewa safi na chombo ambacho hakijawahi kukaa chumba hicho, tupa udongo wote, tupa nyenje wote, weka maji. Hakuna kiondoa sumu. Wengine hurudi wenyewe polepole, wengine hawarudi. Kama hakuna dawa iliyopulizwa, kagua kiu na joto kama ilivyoelezwa juu.

Utitiri, ukungu na nzi wadogo

Vidoa vyeupe vinavyotembea kwenye mabaki ya chakula ni utitiri wa uozo. Wachache hawana madhara. Wakifurika hupanda hadi mdomoni na kwenye mapafu. Toa mabaki yote, acha udongo wa juu ukauke, ongeza hewa. Wakizidi, badilisha udongo wote na uoshe chombo kwa maji moto bila sabuni yenye manukato. Wafugaji wengi hupandikiza vile vidudu vidogo vyeupe virukavyo vinavyokula ukungu, na ni uwekezaji mzuri kwa chombo cha mchimbaji. Utitiri uliojibandika kwenye viungo vya miguu na hausogei ni jambo jingine: huyo ananyonya, na mara nyingi amekuja na buibui wa porini.

Ukungu mweupe juu ya kinyesi au gome unaondolewa kwa kijiko na hewa. Nzi wadogo wanaokimbia kimbia badala ya kuruka huzaliana kwenye mizoga ya nyenje. Safisha, na uweke kitambaa chenye vitundu vidogo kwenye matundu ya hewa.

Povu jeupe mdomoni na harufu mbaya

Hapa acha kila kitu. Buibui anayekaa juu ya bakuli la maji, asiyekula, mwenye ute mweupe mzito kati ya chonge na harufu ya uozo, anashukiwa kuwa na minyoo myembamba inayoshambulia mdomo. Hakuna tiba ya kuaminika. Mtenge chumba kingine, asitumie kibano wala bakuli linalokwenda kwa wengine, tupa udongo wake kwenye mfuko uliofungwa, nawa mikono. Daktari anaweza kuthibitisha kwa darubini, na uthibitisho huo una thamani kwa wale wengine ulionao.

Minyoo hii, pamoja na viluwiluwi vya nzi wanaoishi ndani ya tumbo la buibui hadi wanapolipasua, huletwa zaidi na buibui waliokamatwa porini. Hiyo ni sababu moja ya kununua waliozalishwa kizimbani. Ya pili ni kwamba wengine porini wanaisha. Poecilotheria metallica, buibui wa buluu ya chuma aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1899 kutokana na mmoja aliyepatikana kwenye bohari la mbao la reli mjini Gooty, kusini mwa India, yumo katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Jamii nzima ya Poecilotheria iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, mwaka 2019, kwa hiyo kumvusha mpaka bila kibali ni kosa. Kenya kibali ni cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, Tanzania ni cha Idara ya Wanyamapori. Muuzaji asiye na karatasi ana sababu ya kutokuwa nazo.

Ameanguka au anavuja

Damu yake ni maji maji yenye ubuluu hafifu, kwa hiyo usitafute wekundu. Mguu uliovunjika ukivuja kidogo, nyunyizia wanga laini wa mahindi juu ya jeraha, mweke kwenye karatasi safi na maji, mwache gizani. Tumbo likipasuka, hata kidogo, wanga uleule ndio huduma ya kwanza na mtaalamu afuate mara moja. Gundi inayotajwa tajwa usiijaribu kama hujaona ikifanywa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: kwa mchimbaji, nafasi kati ya udongo na mfuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wake akiwa amenyoosha miguu. Tangi la kioo la samaki, refu, lenye udongo wa sentimita tano chini, ndilo linalowapasua.

Ametoroka

Funga mlango, ziba chini yake, watoe watoto na wanyama. Kagua kwanza karibu na chombo: nyuma ya rafu, chini ya kitanda, ndani ya viatu, mikunjo ya pazia. Wapanda miti tafuta juu, pembe za dari. Wachimbaji tafuta chini, penye giza. Usiku zima taa, kisha mulika kutokea mbali. Ukimwona, mfunike kwa kopo, pitisha kadi. Usipulizie dawa. Asipopatikana waambie wa nyumbani na majirani wa ukuta mmoja. Aibu haimlindi mtu asiumwe. Wala usimwachilie nje kwa makusudi. Pwani yetu ina tarantula wake, kama Pterinochilus murinus, na haihitaji minyoo ya wageni.

Amekuuma

Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na tarantula, lakini neno hilo lisikufanye ubaki nyumbani. Sumu ya Poecilotheria na ya Cyriopagopus ni kali kuliko ya tarantula wa Amerika. Maumivu na uvimbe huja mara moja. Mikazo ya misuli inaweza kuanza saa kadhaa baadaye, mbali na palipoumwa, na kwa baadhi ya watu hujirudia kwa siku nyingi.

Rudisha buibui au mfungie, ili asiume mwingine. Osha kwa maji na sabuni. Vua pete na saa kabla ya uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua mkono, meza paracetamol. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa.

Nenda hospitali sasa hivi, usiendeshe mwenyewe, ikiwa aliyeumwa ni mtoto, mzee, mjamzito au mgonjwa wa moyo. Au ukiona mikazo ya misuli inayoenea, kifua kubana, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, kutapika kusikokoma au kuzimia. Hakuna kipinga sumu, kwa hiyo daktari hutibu dalili, yaani maumivu na mikazo, na hutoa chanjo ya pepopunda kama imepitwa na wakati.

Daktari wa zamu huenda hajawahi kuona jeraha la namna hii, naye atauliza ni buibui gani. "Mkubwa, ana manyoya" halimsaidii. Andika jina la kisayansi kwa kalamu isiyofutika, libandike kwenye chombo siku ileile anapoingia nyumbani, piga picha ya kibandiko hicho na uiweke kwenye simu yako na ya mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu mikono ikianza kukakamaa hutaweza kutafuta wala kuandika.